Yas, Dubai Parks au IMG: uchague ipi kwa safari fupi na watoto

Familia inayotoka Nairobi, Mombasa, Dar au Kampala kwenda Umoja wa Falme za Kiarabu kwa siku tatu nne hupanga ndege kwanza, kisha hoteli, kisha manunuzi ya Deira, mtaa wa biashara wa Dubai. Bustani za michezo huachwa mwisho, na hapo ndipo fedha huvuja. Tiketi ya siku moja ya mtu mzima kwenye bustani kubwa mara nyingi huwa juu ya dirhamu 300, na bustani zenyewe zimetawanyika kwenye ukanda wa barabara unaozidi kilomita mia moja. Anayelala Deira na kukata tiketi ya Ferrari World, iliyoko Abu Dhabi, kwa sababu jina analijua atatumia zaidi ya saa mbili garini kwenda na kurudi, halafu agundue mlangoni kwamba mtoto wake wa miaka sita haruhusiwi kupanda michezo aliyokuwa akiionyesha kwenye simu wiki nzima.

Hapa tunalinganisha maeneo matatu: kisiwa cha Yas kilichoko Abu Dhabi, Dubai Parks and Resorts iliyoko Jebel Ali, na IMG Worlds of Adventure iliyoko Dubai penyewe. Kabla ya jina na kabla ya bei, tazama mambo mawili: urefu wa mtoto mfupi kuliko wote mnaosafiri naye, na mwezi mnaokwenda. Hayo mawili peke yake huamua zaidi ya nusu ya jambo.

Nini kiko wapi

Yas ni kisiwa kilicho pembezoni mwa mji wa Abu Dhabi, mwendo wa dakika kumi hadi kumi na tano kwa gari kutoka uwanja wa ndege wa Zayed. Kina bustani nne kubwa. Ferrari World ilifunguliwa 2010, Yas Waterworld ambayo ni ya maji ikafuata 2013, Warner Bros. World ikaja 2018 na SeaWorld 2023. Kutoka uwanja mkuu wa ndege wa Dubai ni kama kilomita 120, saa moja na robo barabara ikiwa wazi.

Dubai Parks and Resorts iko kwenye barabara ya Sheikh Zayed, upande wa kuelekea Abu Dhabi, kilomita 55 hadi 60 kutoka uwanja wa ndege wa Dubai. Ilifunguliwa mwishoni mwa 2016. Ndani yake kuna Motiongate ya filamu za Hollywood, Legoland, bustani ya maji ya Legoland, na tangu 2024 Real Madrid World kwa wapenzi wa mpira. Bollywood Parks, ambayo bado inatajwa kwenye video na makala za zamani, ilifungwa 2023. Usimuahidi shangazi yeyote.

IMG iko kando ya barabara ya Sheikh Mohammed bin Zayed, jirani na Global Village, kama kilomita 25 kutoka uwanja wa ndege. Hii ndiyo ya karibu kuliko zote kwa anayelala Deira au Bur Dubai, lakini metro haifiki, ni teksi.

Kati ya Dubai Parks na Yas kuna kama kilomita 70. Kwenye ramani ya simu zinaonekana majirani, na ndiyo maana watu hupanga Legoland asubuhi na SeaWorld jioni. Msifanye hivyo. Kufungasha watoto, kutafuta gari, njia, ukaguzi wa mikoba na kupanga foleni upya hula saa tatu, na saa tatu ni theluthi ya siku nzima ya bustani.

Mpime mtoto kabla ya kukata tiketi

Kila mchezo una kipimo chake cha urefu, na mhudumu husimama mwanzo wa foleni akiwa na fimbo au ubao wenye alama. Umri hauulizwi. Mtoto wa miaka tisa aliye mfupi hukataliwa, wa miaka saba mrefu hupita. Kilio na maelezo mazuri havisaidii kitu, kwa sababu mkanda na mhimili wa kiti vimetengenezwa kwa mwili wa kuanzia urefu fulani. Aliye mfupi anaweza kuteleza chini yake.

Mpimeni nyumbani, bila viatu, kisigino kikigusa ukuta na kitabu kikikaa mlalo kichwani. Mpimeni jioni pia, kwani binadamu hupungua kidogo kati ya asubuhi na usiku. Akiwa na sentimita 119 kwenye mchezo wa 120, msimhesabie. Viatu vya soli nene vinaweza kumpitisha mlango mmoja na kumkwamisha mwingine.

Aliye chini ya sentimita 100 ni wa Legoland, au sehemu za Cartoon Junction na Bedrock ndani ya Warner Bros. World, au SeaWorld ambako kutazama ni kwingi kuliko kupanda. Kati ya 100 na 120 mlango unafunguka zaidi: Legoland yote karibu iko wazi, sehemu kubwa ya Warner, kijiji cha Smurfs na upande wa DreamWorks kule Motiongate, na sehemu ya Cartoon Network kule IMG. Akivuka 130 anaweza kupanda karibu kila kitu mahali popote. Rolakosta (treni ya michezo ya kasi) maarufu kuliko zote, Formula Rossa ya Ferrari World, inataka 140.

Mkiwa na watoto wawili, mmoja wa 145 na mwingine wa 98, Ferrari World itamfurahisha mmoja na kumwadhibu mwingine. Ipo sehemu ya watoto wadogo, lakini kuilipia tiketi nzima kwa ajili hiyo ni ghali. Familia ya namna hiyo ipelekwe Warner, ambako wakubwa na wadogo hutawanyika na kukutana tena kwenye uwanja wa katikati.

Tumieni pia utaratibu wa wazazi kupokezana. Mzazi mmoja anapanda na mtoto mkubwa, mwingine anabaki na mdogo. Wa kwanza akishuka, wa pili anaingia bila kupanga foleni upya. Ombeni kwa mhudumu aliye mwanzo wa foleni kabla hamjaingia. Mkiomba mkiwa mmefika kwenye kiti, mnarudishwa nyuma.

Mwezi wa safari

Likizo ya Juni ya Tanzania na ile ya Agosti ya Kenya zinaangukia kwenye joto kali la Ghuba. Kuanzia Juni hadi Septemba jua la mchana hupita nyuzi 40, na unyevu wa pwani hufanya joto lionekane zaidi. Hata mzaliwa wa Tanga atalitambua kuwa ni joto jingine. Kwa miezi hiyo, chagueni bustani zilizo ndani ya jengo lenye viyoyozi: Warner Bros. World, SeaWorld, IMG, na sehemu kubwa ya Ferrari World. Legoland iko nje isipokuwa Miniland, ukumbi wa miji midogo ya matofali, na vibanda vichache. Julai saa saba mchana, mtoto wa miaka minne haendeshi kigari chochote, anataka kubebwa. Motiongate ni nusu kwa nusu. Upande wa DreamWorks uko chini ya paa, mwingine uko juani.

Kuanzia Novemba hadi Machi hali hugeuka. Nje kunapendeza, jioni inaweza kutaka sweta jepesi, na Legoland inakuwa chaguo la kwanza kwa wenye watoto wadogo. Kwa wakati huo bustani ya maji asubuhi inaweza kuwa ya baridi mtoto akitoka majini, hata kama maji yenyewe yamepashwa moto. Anzeni saa sita mchana.

Desemba ina mitego miwili. Wa kwanza ni sikukuu ya taifa, tarehe 2 na 3, ambapo wenyeji wote wako likizo. Wa pili ni mbio za magari za Formula 1 kwenye uwanja wa Yas Marina, ambazo huangukia mwisho wa Novemba au mwanzo wa Desemba. Za 2026 ni tarehe 4 hadi 6 Desemba. Wiki hiyo hoteli za kisiwani hupanda bei vibaya na barabara za ndani ya Yas hubadilishwa. Mkiwa na safari ya Desemba ya mapema, laleni Dubai na muiache Yas kabisa.

Wikiendi ni Jumamosi na Jumapili tangu Januari 2022, na Ijumaa ni nusu siku. Wengi wetu bado tunakumbuka Ijumaa na Jumamosi kwa sababu ya ndugu waliofanya kazi huko zamani, na huko Oman bado ndivyo ilivyo. Siku tulivu ni Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Mwezi wa Ramadhani bustani hufunguliwa lakini saa husogezwa. Foleni za mchana huwa fupi kuliko wakati wowote, na usiku baada ya futari watu hurudi. Siku za Idi zenyewe ziepukeni.

Yas kwa undani

Faida kubwa ya Yas ni kwamba mkishafika, hamhitaji teksi tena. Hoteli nyingi za kisiwani zinaunganishwa na bustani kwa mabasi ya bure, na Ferrari World inapakana na Yas Mall ambako kuna duka kubwa la vyakula. Hilo la duka linaokoa fedha kuliko punguzo lolote la tiketi: maziwa, mkate, ndizi na maji ya siku mbili mnanunua hapo kwa bei ya kawaida.

Ferrari World ni ya vijana. Formula Rossa hufika kilomita 240 kwa saa ndani ya sekunde tano tangu iondoke, na ilishika rekodi ya dunia ya kasi kwa miaka mingi. Kabla ya kupanda mtapewa miwani ya kukinga macho, kwa sababu kwa kasi hiyo punje ya mchanga au mdudu huumiza. Mifuko hutolewa kila kitu, kofia inabaki kabatini, na mwenye miwani ya kusomea aulize mhudumu mapema. Reli yake, inayozidi kilomita mbili, hutoka nje ya jengo. Kwa hiyo upepo mkali na vumbi huisimamisha, wakati mwingine bila tangazo. Nendeni kwake dakika ya kwanza bustani ikifunguliwa. Aliyesema “tutarudi baada ya chakula” mara nyingi hukuta kamba imefungwa. Flying Aces, yenye tao la mita 52, ndiyo ya pili kwa kuwahi.

Warner Bros. World ndiyo tunayoipendekeza kwa familia nyingi zenye watoto wa miaka mitano hadi kumi na miwili. Yote iko ndani, anga limechorwa darini, na imegawanywa sehemu sita, mojawapo ikiwa uwanja wa katikati unaozungukwa na nyingine. Tatizo moja: Gotham City, sehemu ya Batman, ni giza kwa makusudi, kuna sauti za kushtua, na watoto wa chini ya miaka sita hutoka wamening'inia shingoni mwa baba. Pitieni kwanza Cartoon Junction, Dynamite Gulch na Bedrock, kisha wakubwa waende Gotham peke yao. Bustani hii inamalizika kwa siku moja bila kukimbia, na siku tulivu inamalizika saa kumi jioni.

SeaWorld ya Abu Dhabi ilijengwa bila nyangumi wauaji, tofauti na zile za Marekani. Kiini chake ni tangi la lita milioni 25 linalotazamwa kutoka ghorofa tofauti, pengwini, mawalrasi na pomboo. Michezo ya kupanda ni michache. Manta ndiyo rolakosta ya maana. Kwa bibi na babu waliosafiri nanyi hii ndiyo siku yao: viti vipo kila kona, sakafu ni tambarare, na mtu anaweza kukaa saa nzima mbele ya kioo akitazama papa wanapita. Kwa kijana wa miaka kumi na minne anayetaka kurushwa, saa tatu zinamtosha.

Yas Waterworld huwekwa siku ya pili au ya tatu, na hufungwa mapema kuliko nyingine. Nguo za pamba, jinzi, kanga na dera haziruhusiwi kwenye mabomba ya kuteleza, kwa kuwa hunasa kwenye maungio ya bomba na pamba hushika maji na kuchelewesha mwili. Nguo za kuogelea za kufunika mwili zinaruhusiwa mradi ziwe za kitambaa cha kuogelea. Vifungo vya chuma na zipu vikatazwe nyumbani kabisa, kwa vile hukwaruza bomba na mhudumu atawarudisha. Jaketi za kuelea hutolewa bure. Kabati hulipiwa. Taulo bebeni ya hoteli ikiwa hoteli inakubali.

Dubai Parks: ni Legoland au Motiongate, si zote siku moja

Legoland imelenga watoto wa miaka miwili hadi kumi na miwili, na tunasema ukweli: baada ya miaka kumi wengi huanza kuiona ya kitoto. Lakini kwa mtoto wa miaka minne hadi minane haina mpinzani kati ya zote tulizozitaja, kwa sababu anapanda karibu kila anachokiona na anaruhusiwa kugusa. Anaendesha gari mwenyewe na kupewa leseni, anajenga, anavunja. Miniland, iliyo ndani ya jengo, ina miji ya matofali madogo ikiwa pamoja na Burj Khalifa. Iwekeni saa saba mchana, wakati jua liko juu.

Bustani ya maji ya Legoland iko ubavuni na mabomba yake ni ya upole. Tiketi ya pamoja ya bustani kavu na ya maji ina maana ikiwa mtalala hapo hapo, Legoland Hotel au Lapita. Mkija na kurudi siku moja, mtaishia kuharakisha zote mbili na nguo mbichi mkobani.

Motiongate ni ya watoto wakubwa zaidi. Ina rolakosta kadhaa za nguvu, mbili zikiwa zimeongezwa 2021, na foleni zake kwa siku za kazi huwa fupi kuliko za Yas. Hiyo ndiyo siri yake: kijana mwenye sentimita 140 anaweza kupanda mchezo mmoja mara nne kabla ya chakula cha mchana. Udhaifu wake ni kwamba baadhi ya michezo hufungwa kwa matengenezo bila kubadilisha bei ya tiketi. Fungueni programu au ukurasa wa bustani usiku wa kuamkia safari, mtazame orodha ya iliyofungwa, kisha mwamue.

Riverland, mtaa wa migahawa unaounganisha bustani hizi, ni bure kuingia. Chakula cha jioni hapo ni afadhali kuliko cha ndani.

IMG

Kwa wenye siku moja tu, kituo cha kupitia kati ya ndege mbili, au hoteli iliyolipiwa tayari katikati ya Dubai, IMG ndiyo jibu. Jengo moja, viyoyozi, sehemu ya Marvel, ya Cartoon Network na ya dainosari. Rolakosta ya Velociraptor ndiyo inayotoka nje ya jengo na kufika kilomita 100 kwa saa, ianzeni asubuhi. Ndani kuna kelele na mwanga hafifu, na mtoto asiyependa makelele atachoka mapema. Kuanzia Oktoba hadi Mei, Global Village iko jirani na kiingilio chake ni kidogo sana ukilinganisha na bustani yoyote hapa, hivyo jioni yenu mmeshaipata.

Hesabu ya fedha

Tuchukue tiketi ya dirhamu 350 kwa mfano. Watu wanne ni dirhamu 1,400 kwa bustani moja, siku moja: kama shilingi 49,000 za Kenya, karibu milioni moja za Tanzania, au riali 147 za Oman. Siku mbili kwenye bustani mbili kwa tiketi moja moja ni mara mbili ya hiyo. Kwa hiyo Yas hushinda mtu akikaa siku mbili au tatu, kwa sababu tiketi ya pamoja ya bustani kadhaa hushusha bei ya kila siku, na baadhi ya hoteli za kisiwani huuza chumba kikiwa na tiketi ndani yake. Kwa siku moja tu, akiba hiyo haipo.

Teksi kutoka Dubai mjini hadi Yas ni dirhamu 250 hadi 300 upande mmoja. Mkienda na kurudi siku mbili mmelipa zaidi ya dirhamu 1,000, fedha ambayo ingelipa usiku mzima wa hoteli kisiwani. Teksi ndogo hubeba abiria wanne na mtoto mchanga anahesabiwa; familia ya watano iombe gari kubwa mapema. Basi la E101 kutoka kituo cha Ibn Battuta na E100 kutoka kituo cha Al Ghubaiba, vyote vya Dubai, ni la bei nafuu sana, ila huishia kituo kikuu cha Abu Dhabi mjini, kama kilomita 30 kutoka Yas, na mnahitaji teksi nyingine. Kwa mtu mmoja ni sawa. Kwa watu watano wenye vigari na mabegi hakuna kinachookolewa.

Watoto wa chini ya miaka mitatu kwa kawaida huingia bure, lakini baadhi ya bustani hupanga bei ya watoto kwa urefu badala ya umri. Someni mstari huo kabla ya kulipa. Mtego mwingine ni bei ya wakazi: inaonekana nafuu kwenye mtandao, na mlangoni inadai kitambulisho cha ukazi wa Emirati. Aliyekuja na viza ya utalii hulipishwa tofauti papo hapo au kukataliwa. Tiketi nyingi pia hufungwa kwa tarehe. Kabla ya kubonyeza, hakikisheni ndege yenu haitui usiku wa manane wa tarehe hiyo hiyo.

Tiketi ya kupita foleni ni nyongeza kubwa. Siku ya kazi ya kawaida haina haja. Wikiendi, mwisho wa Desemba na siku za Idi, inunueni kwa bustani moja tu, ile yenye michezo mnayoitaka zaidi, wala si kwa kila siku.

Chakula ndani ya bustani ni dirhamu 45 hadi 70 kwa mtu kwa mlo, na cha kutoka nje hakiruhusiwi isipokuwa cha mtoto mchanga au cha sababu za kiafya. Kuleni kifungua kinywa kizito hotelini, kisha mle mchana saa tano na nusu, kabla wote hawajafikiria kula. Foleni ya chakula saa saba inaweza kuwa ndefu kuliko ya rolakosta. Nyama ni halali na vyumba vya swala vipo, wanaume na wanawake kando. Waulizeni wahudumu vilipo mkiingia, maana jengo likiwa kubwa, kutembea hadi huko huchukua dakika kumi.

Ratiba zinazokaa

Ndege ya jioni kutoka Nairobi au Dar hukaa angani kama saa tano, saa za huko ziko mbele kwa saa moja, na mnatua karibu na usiku wa manane. Pasipoti, mizigo, hoteli: mtoto analala saa tisa usiku. Siku inayofuata msiiite siku ya bustani kabla ya saa sita mchana. Mkilazimika, iwe IMG au SeaWorld, ambazo hazidai kuwahi sana.

Siku moja kamili, watoto wa rika zote: IMG.

Siku mbili, watoto chini ya miaka minane, Novemba hadi Machi: laleni Dubai Parks, Legoland siku ya kwanza, bustani yake ya maji siku ya pili mchana.

Siku mbili, Juni hadi Septemba, watoto wa kuanzia miaka mitano: laleni Yas, Warner kwanza, SeaWorld ya pili. Vijana watupu wabadilishe SeaWorld kwa Ferrari World.

Siku tatu: Yas yote, bila kugusa Dubai. Warner, kisha bustani ya maji, kisha Ferrari au SeaWorld kulingana na urefu. Bustani ya maji ikae katikati, kwa sababu miguu ya siku ya kwanza inahitaji kupumzika, na nguo zinapata usiku mmoja wa kukauka kabla ya kufungwa kwenye sanduku.

Wanaotoka Muscat au Sohar kwa gari wana njia yao. Kupitia Buraimi na Al Ain mnafika Yas bila kuingia Dubai kabisa. Bima ya gari ihakikishwe inafika Emirati kabla ya mpaka. Raia wa Oman huvuka kwa kitambulisho. Mkazi wa Oman mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya anahitaji viza aliyoiomba mtandaoni mapema, na hili ndilo huwarudisha watu mpakani na watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma.

Kwa siku ya kuondoka: kama ndege ni ya usiku kutoka Dubai na mko Yas, acheni mizigo mapokezi ya hoteli, mtoke bustanini saa tisa alasiri. Kuanzia saa kumi na moja barabara ya kuingia Dubai hujaa, na saa moja na robo inakuwa saa mbili na zaidi. Nguo kavu za kila mtu ziwekwe kwenye begi la mkononi, si kwenye sanduku lililobaki hotelini, na chaja moja iwe nje, maana tiketi ya bustani, ya ndege na namba ya dereva vyote viko kwenye simu moja ambayo imepiga picha tangu asubuhi.